Gundi Ndani ya Ubao: Kutumia Hadubini Kuchunguza Plaiwudi na Mbao Nyingine za Kuunganishwa

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:

(a) kueleza muundo wa plaiwudi, chipubodi na MDF;
(b) kueleza jinsi gundi inavyoingia kwenye seli za mti na kushika;
(c) kutumia hadubini ya shule kupima unene wa mstari wa gundi na kina ilichoingia;
(d) kutofautisha kiungo kizuri na kiungo kibovu kwa ushahidi unaouona;
(e) kutoa hitimisho lisilozidi ushahidi ulionao.

Mada hii inagusa masomo matatu kwa pamoja: seli na tishu za mimea katika Biolojia, polima katika Kemia, na mnato wa vimiminika katika Fizikia. Isome ukiwa na daftari na kalamu, na ukiweza, ukiwa na kipande cha plaiwudi mkononi.

1. Kwa nini tujifunze jambo hili?

Pita kwenye karakana yoyote ya seremala hapa Bomani, Tarime. Utakuta milango, makabati na vitanda vinavyotengenezwa kwa mbao za msumeno pamoja na mbao za kiwandani. Msimu wa mvua unapofika, baadhi ya milango ya plaiwudi huanza kufumuka pembeni kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza duka, na muuza duka husema plaiwudi imetumiwa mahali isipostahili. Wote watatu wanaona mlango uleule, lakini hakuna aliyeona kilichotokea ndani yake.

Jibu limo kwenye mstari mwembamba wa gundi, ambao mara nyingi haufiki hata nusu milimita. Jicho peke yake haliwezi kuusoma. Hadubini inaweza. Kazi yako katika mada hii ni kujifunza kuuliza swali moja: kiungo kimeachia wapi? Je, kimeachia ndani ya gundi yenyewe, kwenye mpaka kati ya gundi na ubao, au ndani ya ubao? Kila jibu lina sababu yake na mwenye kuwajibika wake.

2. Mbao za kuunganishwa ni zipi?

Mbao za kuunganishwa ni zile zinazotengenezwa kwa kukusanya vipande, tabaka au nyuzi za miti na kuvishikanisha kwa gundi, mara nyingi chini ya joto na mgandamizo.

*Plaiwudi* hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za ubao ziitwazo vinia. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, na vinia hutoka mfululizo kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Kisha tabaka hupangwa kwa kupishana: nyuzi za tabaka moja hulala kwa urefu, za inayofuata hulala kwa upana. Kwa kawaida idadi ya tabaka huwa witiri, yaani 3, 5, 7 na kuendelea, ili pande mbili za nje zilingane.

*Chipubodi* hutengenezwa kwa chembe na vipande vidogo vya mbao vilivyopuliziwa gundi na kugandamizwa. *MDF* hutengenezwa kwa mti uliosagwa hadi kuwa nyuzi, ndiyo maana ukiukata hutoa vumbi laini na kingo zake hazionyeshi chembe.

Tanzania ina malighafi ya bidhaa hizi. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya serikali, na limepandwa hasa misindano na mikaratusi. Karibu nalo, mjini Mafinga, kuna viwanda vya vinia na plaiwudi. Plaiwudi inayotoka huko hadi Tarime husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Kenya nayo ina viwanda vya plaiwudi, kwa mfano mjini Eldoret. Kwa hiyo kipande unachokiokota kwenye karakana kinaweza kuwa kimetoka mbali, na pengine hakina maandishi yoyote yanayoeleza gundi iliyotumika.

3. Ubao chini ya hadubini

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitangaza alichokiona alipotazama kipande chembamba cha gome la koki: vyumba vidogo vidogo alivyoviita seli. Ubao nao ni mkusanyiko wa vyumba hivyo. Sehemu kubwa ya seli zake zilikwisha kufa mti ungali umesimama, zikabaki kuta za selulosi na lignini zenye uwazi katikati.

Msindano una seli ndefu nyembamba ziitwazo *trakeidi*. Urefu wake ni takriban milimita 3 hadi 4, na upana wake ni takriban mikromita 30 hadi 40. (Milimita 1 ni mikromita 1,000.) Ukikata msindano kwa kuvuka nyuzi, utaona safu za vijumba vya mraba kama sega la nyuki.

Mkaratusi ni tofauti. Pamoja na nyuzi zake nyembamba, una *mishipa ya zailemu* yenye matundu mapana zaidi, ambayo unaweza kuyaona hata kwa lenzi ya mkono. Gundi ya majimaji hukimbilia kwenye matundu haya mapana kwa urahisi.

Aina zote mbili zina *miale*, yaani safu za seli zinazotoka katikati ya mti kuelekea kwenye gome. Seli za miale huweza kuhifadhi wanga. Shika jambo hili; tutalihitaji kwenye jaribio.

4. Gundi inashikaje?

*Upande wa Fizikia.* Gundi lazima kwanza iloweshe ubao, yaani itandae juu yake badala ya kusimama kama matone. Hapo nguvu ya kuvutana kati ya molekuli za gundi na za ubao (mnato) inafanya kazi. Kisha gundi huingia kwenye seli zilizokatwa wazi, kama maji yanavyopanda kwenye mrija mwembamba. Mwisho huganda, na nguvu ya kuvutana kati ya molekuli za gundi zenyewe (mshikamano) huifanya iwe ngumu.

Kina cha kuingia kina pande mbili. Gundi ikiingia kidogo mno, haipati mahali pa kujishikiza. Ikiingia kupita kiasi, mpakani hubaki gundi haba na kiungo hufa njaa. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu hapendi kuunganisha mbao mbili kichwa kwa kichwa: ncha za nyuzi ziko wazi kama mirija, na hunywa gundi yote.

*Upande wa Kemia.* Gundi mbili zinazotumika sana viwandani ni hizi:

- Urea-fomaldehaidi. Hutokana na urea, CO(NH₂)₂, ileile inayotumika kama mbolea shambani, na fomaldehaidi, HCHO. Molekuli zake huungana na kuwa polima huku zikitoa maji. Gundi hii ni nafuu, huganda haraka kwenye joto, na rangi yake ni hafifu. Udhaifu wake ni maji: yakikaa nayo muda mrefu, hasa yakiwa ya moto, huvunja viungo vya polima. Tendo hilo huitwa haidrolisisi. Inafaa kwa samani za ndani.
- Fenoli-fomaldehaidi. Ni ndugu wa plastiki ya Bakelite iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Hustahimili maji na hali ya hewa. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, kwa hiyo mstari wake huonekana hata bila kutiwa rangi. Inafaa kwa matumizi ya nje.

Ubao wenyewe huipa gundi kazi ngumu. Unapolowa, huvimba kidogo sana kwa urefu wa nyuzi lakini huvimba mara nyingi zaidi kwa upana. Kwenye plaiwudi, tabaka moja linataka kutanuka na jirani yake, aliyelala kwa kupishana, anamzuia. Mvutano wote huo hubebwa na mstari wa gundi. Ndiyo sababu mvua hufichua kasoro ambayo kiangazi kiliificha.

*Tahadhari.* Fomaldehaidi huwasha macho na koo, na mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usijaribu kutengeneza gundi hizi shuleni. Jaribio letu linatumia gundi ya wanga, ambayo ni salama.

5. Hesabu za hadubini

Ukuzaji wote = ukuzaji wa lenzi ya jicho × ukuzaji wa lenzi ya kitu.

Mfano wa 1. Lenzi ya jicho ni ×10 na lenzi ya kitu ni ×4. Ukuzaji wote ni ×40. Umeweka rula ya plastiki inayopitisha mwanga na kuona kuwa kipenyo cha duara unaloliona ni mm 4. Tafuta kipenyo cha duara kwa ukuzaji wa ×100 na ×400.

Ukuzaji ukiongezeka, duara hupungua kwa uwiano uleule:
Kwa ×100: 4 × 40 ÷ 100 = mm 1.6
Kwa ×400: 4 × 40 ÷ 400 = mm 0.4, yaani mikromita 400

Mfano wa 2. Kwa ukuzaji wa ×100, mstari wa gundi umechukua sehemu 1/8 ya kipenyo cha duara. Unene wake ni upi?
1.6 ÷ 8 = mm 0.2, yaani mikromita 200

Mfano wa 3. Umeuchora mstari huo ukiwa na upana wa mm 30 kwenye karatasi. Ukuzaji wa mchoro ni upi?
30 ÷ 0.2 = ×150

Kumbuka: ukuzaji wa mchoro si ukuzaji wa hadubini. Wengi hupoteza alama hapa.

6. Jaribio: kuona gundi ilipofika

*Wazo.* Iodini hugeuza wanga kuwa rangi ya bluu iliyokoza hadi nyeusi. Tukiunganisha mbao kwa uji mzito wa unga wa muhogo, tutaweza kuifuata gundi hadi ndani ya seli.

*Vifaa.* Vijiti viwili vikavu vya msindano vilivyopigwa randa, uji mzito wa muhogo uliopoa, jiriwa au kamba ya kukazia, wembe mpya, msasa laini, iodini, slaidi na vifuniko vyake, hadubini, lenzi ya mkono.

*Hatua.*

1. Paka uji upande mmoja wa kijiti, kifunike kwa kijiti cha pili, kaza, na uache kikauke kwa siku mbili.
2. Kata ncha ya kiungo kwa kuvuka nyuzi, ili mstari wa gundi uonekane katikati.
3. Lowesha ncha kwa tone moja la maji, kisha kwangua kipande chembamba sana kwa wembe. Sukuma wembe mbali na vidole vyako. Usichemshe kijiti, maana gundi ya wanga italainika na kuvurugika.
4. Weka kipande kwenye slaidi, dondoshea iodini tone moja, subiri dakika moja, kisha funika.
5. Anza na ×40 utafute mstari, endelea na ×100 upime unene, kisha ×400 upime kina cha kuingia.
6. Rudia hatua ya 2 hadi ya 5 kwa kijiti cha msindano uleule ambacho hakikupakwa gundi.

Hatua ya 6 ndiyo jaribio la ulinganisho, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tulisema seli za miale huweza kuwa na wanga wake wa asili. Bila ulinganisho, unaweza kuona doa jeusi kwenye mwale na kuandika kuwa gundi imefika huko, kumbe ni akiba ya mti wenyewe.

*Kama hadubini hazitoshi.* Sugua ncha ya kiungo kwa msasa laini hadi ing'ae, pangusa vumbi, paka iodini, na tazama kwa lenzi ya mkono kwenye mwanga wa jua. Hutaona seli mojamoja, lakini utaona kama mstari ni mzima au umekatika.

*Jaribu pia kipande cha plaiwudi ya dukani.* Viwanda vingi duniani huchanganya unga wa ngano kwenye gundi ya urea-fomaldehaidi ili kuifanya iwe nzito na kupunguza gharama. Mstari ukigeuka mweusi, umethibitisha kuwa kuna wanga. Hujathibitisha kuwa gundi ni mbaya. Unga kwa kiasi kinachofaa huzuia gundi isinyonywe yote na ubao.

7. Kusoma unachokiona

Unaona: mstari mfululizo, na seli chache za kila upande zimejaa gundi.
Maana: gundi imelowesha na kuingia vizuri.

Unaona: mstari mwembamba uliokatikakatika, lakini seli za mbali zimejaa gundi.
Maana: kiungo kimekufa njaa. Gundi ilikuwa nyepesi mno, mgandamizo ulizidi, au ubao una matundu mapana.

Unaona: mstari mnene na safi, seli za jirani ni tupu.
Maana: gundi haikuingia. Huenda ilianza kuganda kabla ya kugandamizwa, au uso wa ubao ulikuwa na vumbi au utomvu.

Unaona: mapovu na uwazi ndani ya mstari.
Maana: hewa au mvuke ulinaswa. Kiwandani hutokea vinia ikiwa na unyevu mwingi wakati wa kugandamizwa kwa joto.

Unaona: kiungo kimevunjika na nyuzi za mti zimebaki juu ya gundi.
Maana: ubao ndio ulioachia, gundi ilikuwa na nguvu kuliko ubao. Wapimaji wa plaiwudi hukadiria asilimia ya eneo lililofunikwa na nyuzi. Ikiwa kubwa, kiungo ni kizuri.

Usichanganye uchunguzi na hitimisho. "Seli za jirani ni tupu" ni uchunguzi. "Gundi iliganda mapema" ni hitimisho, na ni moja tu kati ya yanayowezekana.

8. Watafiti wanaendeleaje kutoka hapo?

Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban mikromita 0.2. Kwa mambo madogo zaidi, watafiti hutumia hadubini ya elektroni, ambayo huonyesha uso wa kiungo kilichovunjika kwa undani mkubwa. Kipande hufunikwa kwanza kwa utando mwembamba wa metali kama dhahabu. Wengine hutumia mwanga wa urujuanimno: lignini hung'aa yenyewe chini ya mwanga huo, hivyo ubao hutiwa rangi ya kuuzima ili gundi ibaki ikionekana. Njia nyingine ni kupiga picha za eksirei kutoka pande nyingi na kuziunganisha na kompyuta, ili gundi ionekane ndani bila kukata.

Nchini mwetu, utafiti wa misitu na mazao yake hufanywa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980. Ukipenda mada hii, fahamu kuwa ina njia ya kukufikisha mbali kuliko chumba cha mtihani.

9. Maswali ya kujipima

1. Kwa ukuzaji wa ×400, duara lina kipenyo cha mikromita 400. Rangi nyeusi imeingia ndani ya msindano kwa 1/4 ya kipenyo. (a) Kina chake ni kipi? (b) Ikiwa upana wa trakeidi ni takriban mikromita 33, gundi imepita seli ngapi?

2. Mwanafunzi ametia iodini kwenye plaiwudi, mstari ukawa mweusi. Ameandika: "Plaiwudi hii ni duni kwa sababu gundi yake ina unga." Toa kasoro mbili za hitimisho hilo.

3. Mlango wa plaiwudi umefumuka baada ya mvua. Nyuso zilizoachana ni safi, hazina nyuzi. Fundi anasema maji yameharibu gundi. Mwenye mlango anasema gundi haikushika tangu mwanzo. Pendekeza jaribio la kuamua kati yao.

4. Kwa nini mti uleule ukiunganishwa ubavu kwa ubavu hushika kuliko ukiunganishwa kichwa kwa kichwa?

Majibu

1. (a) 400 ÷ 4 = mikromita 100. (b) 100 ÷ 33 ≈ seli 3.

2. Kwanza, iodini huonyesha wanga tu, haipimi nguvu ya gundi, na unga huongezwa kwenye gundi kwa sababu halali. Pili, hakuna ulinganisho na ubao usio na gundi, hivyo wanga unaweza kuwa wa mti wenyewe.

3. Chukua vipande vya plaiwudi hiyohiyo kutoka sehemu ambayo haikulowa. Vipasue vingine vikiwa vikavu, na vingine baada ya kuvilowesha kwa saa 24, kisha tazama nyuso zote kwa hadubini. Vikavu vikivunjika ndani ya ubao na vilivyolowa vikiachia safi, maji ndiyo yaliyodhoofisha gundi, na fundi yuko sahihi kuhusu chanzo. Vikavu navyo vikiachia safi, kiungo kilikuwa dhaifu kabla ya mvua, na mwenye mlango yuko sahihi. Swali linabaki la nani alichagua plaiwudi ya ndani kwa mlango wa nje. Hilo hadubini haliwezi kulijibu.

4. Kichwani nyuzi zimekatwa zikabaki kama mirija iliyo wazi, hivyo hunyonya gundi na mpakani hubaki haba. Ubavuni gundi huingia seli chache tu, mstari hubaki mfululizo, na eneo la kushikana huwa kubwa.